Nyangumi wa Angani: Mkubwa Kuliko Nyangumi, Mwepesi Kama Ndovu

Siku hizi mtu yeyote mwenye simu anaweza kuunda video ya nyangumi akielea juu ya Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria, kivuli chake kikipita polepole juu ya mitumbwi ya Dunga, na kabla ya jioni imefika kwenye kila kikundi cha WhatsApp. Maswali huanza hapo. Kuna wanaouliza kama mnyama huyo yupo kweli. Hayupo. Kuna wengine, hasa vijana wanaochora katuni na kutengeneza gemu, wanaouliza swali tamu zaidi: tukiamua kumbuni, mwili wake utafanya kazi vipi? Majibu huja yamevurugana. Huyu anasema mabawa makubwa, yule mifupa yenye uwazi, wa tatu gesi ya tumboni kama ya ng'ombe, na wa nne anafunga mjadala kwa kusema ni uchawi.

Uchawi ni jibu halali katika hadithi, ila ukishautumia huna la kueleza tena. Basi tuchukue dunia ya kubuni ambayo hewa yake na mvutano wake ni kama wa kwetu, tumweke mnyama huyo juu ya ziwa letu, tuone anadai nini.

Kwanza tutenganishe maneno mawili yanayochanganywa kila mara. Kuruka ni kusukuma hewa kwenda chini ili wewe ubaki juu. Marabou wa Kisumu anaruka: akiacha kupiga mabawa, na hakuna hewa ya joto inayompandisha, atashuka. Kuelea ni jambo jingine kabisa. Anayeelea ni mwepesi kuliko hewa ambayo mwili wake umechukua nafasi yake, kwa hiyo anabaki juu hata akilala usingizi. Nyangumi wa kwenye video anaenda taratibu mno kuwa anaruka. Huyo anaelea.

Mabawa tuyamalize haraka. Chukua boksi la mita moja kila upande, kisha jingine la mita mbili kila upande. La pili lina eneo la nje mara nne, lakini ndani linabeba mara nane. Mnyama naye ni hivyo hivyo: ukimfanya awe mrefu maradufu, uzito wake unapanda mara nane huku eneo la mabawa yake likipanda mara nne tu. Ndiyo sababu tandawala mkubwa, mmoja wa ndege wazito zaidi wanaoruka leo, anaishia kwenye kilo 18 au 19. Quetzalcoatlus, mtambaazi wa kale mwenye mabawa ya mita 10 hivi kutoka ncha hadi ncha, anakadiriwa kuwa na kilo 200 na ushei. Nyangumi wa buluu hufika mita 30 na tani 150. Hakuna bawa la nyama na mfupa la kumbeba. Na wale wanaosema "mbona ndege ya abiria ya tani 400 inaruka" wanasahau kwamba ndege hiyo hupaa ikiwa inakwenda karibu kilomita 300 kwa saa. Ikienda mwendo wa nyangumi wa video itaanguka.

Tangi la maji na pakiti ya unga

Hesabu yote ya kuelea inaweza kufanyiwa kwenye tangi jeusi la maji, lile la lita 1,000 linalokaa juu ya nyumba nyingi. Ujazo wake ni mita moja ya ujazo. Tunapoliita tupu huwa tunakosea, kwa sababu limejaa hewa, na hewa ina uzito. Kisumu iko mita 1,135 hivi juu ya usawa wa bahari. Siku ya joto la nyuzi 25, hewa iliyomo ndani ya tangi hilo ina uzito wa kilo moja na gramu kama 30, yaani nusu ya pakiti ya unga wa ugali. Itoe hewa hiyo yote ujaze hidrojeni, gesi nyepesi kuliko zote, na uzito unabaki gramu 70 hivi. Tofauti ni gramu 960, na hiyo ndiyo nguvu ya kuinua ya tangi moja. Mombasa, ambako hewa ni nzito zaidi, utapata kama kilo moja na gramu 80. Nakuru, juu zaidi, gramu 890.

Sasa tumchore mnyama wetu. Mpe urefu wa mita 60, mara mbili ya nyangumi wa buluu, na unene wa mita 15 katikati, umbo la sigara nene. Ujazo wake ni kama mita 7,070 za ujazo. Tuseme 6,000 kati ya hizo ni hidrojeni. Juu ya Kisumu zitainua tani 5.8.

Tani 5.8 ni uzito wa ndovu dume mmoja. Mnyama mwenye urefu wa mabasi matano yaliyopangwa kwa mstari, na mwili mzima, ngozi, misuli, matumbo, ubongo, chakula na maji aliyokunywa, lazima vitoshee kwenye uzito wa ndovu. Akizidisha kilo moja, anashuka. Wachoraji wengi hukosea hapa: wanachukua nyangumi wa baharini, mwenye tabaka la mafuta la sentimita nyingi chini ya ngozi, wanampandisha juu akiwa vile vile alivyo. Wa angani angekuwa na ukuta wa mwili mwembamba ajabu. Eneo lake la nje ni kama mita za mraba 2,280. Ukiupa ukuta huo unene wa milimita moja tu, mwembamba kuliko sarafu, tayari umetumia karibu tani 2.3. Zinabaki 3.5 za kila kitu kingine.

Mwili wa namna hiyo hausimamishwi na mifupa. Unasimamishwa jinsi mpira wa miguu unavyosimama: kwa msukumo wa ndani dhidi ya ngozi iliyovutwa. Mifupa anayo michache, kwenye taya na kwenye mizizi ya mapezi. Ukimtoa gesi anakunjamana kama turubai.

Gesi inatoka wapi

Wanaotaja gesi ya ng'ombe wako karibu na ukweli, na bado wanakosea. Ng'ombe mmoja hutoa kati ya lita 250 na 500 za methani kwa siku, nyingi zikitoka mdomoni anapocheua. Methani ni nyepesi kuliko hewa, lakini uwezo wake wa kuinua ni nusu tu ya ule wa hidrojeni: tangi letu la Kisumu lingeinua gramu 460. Tatizo kubwa zaidi ni kwamba gesi ya mavi, ile inayopikia chai kwenye boma lenye mtambo wa bayogesi, huwa ni methani asilimia 60 hivi, na nyingi ya zilizobaki ni kaboni dioksidi, ambayo ni nzito kuliko hewa. Mchanganyiko huo una uzito unaokaribiana sana na wa hewa yenyewe. Ujaze kwenye puto uone: halipandi. Nyangumi anayetegemea bayogesi angelala ufukweni.

Hewa moto ya mwili nayo haitoshi. Hata akiwa na joto la ndani la nyuzi 40 wakati nje ni 25, kila mita ya ujazo inampa gramu 50 tu. Maputo ya watalii hupaa kwa sababu hewa yake huchemshwa hadi karibu nyuzi 100, joto ambalo lingempika mnyama.

Kwa hiyo ni hidrojeni, na viumbe vinavyoitengeneza vipo. Bakteria wanaochachusha sukari bila oksijeni huitoa, na tumbo la mchwa, ndugu wa hawa kumbikumbi tunaowala mvua zikianza, lina vijidudu vinavyotoa hidrojeni kila wakati. Mnyama wetu anahitaji tumbo kubwa la kuchachushia na utando wa kutenganisha hidrojeni na gesi nyingine.

Bei ya gesi hiyo ndiyo inayotisha. Kwa uchachushaji wa namna hii, ukienda vizuri kabisa, kilo moja ya sukari hutoa hidrojeni ya kujaza kama sehemu sita kwa kumi za tangi letu. Kujaza mita 6,000 kunahitaji karibu tani 10 za sukari. Hiyo ni magunia 200 ya kilo 50, mzigo wa lori zima likitoka kiwandani Chemelil au Muhoroni. Na hapo hajaota hata ukucha mmoja, ni gesi tu.

Hapa ndipo penye ugumu ambao karibu kila mtu huupita. Kupanda si taabu. Taabu ni kuvuja. Hidrojeni ni chembe ndogo sana na hupenya kwenye ngozi kama maji kwenye kikapu. Kila mtu amewahi kuona puto la sherehe linalogusa dari jioni na asubuhi limelala sakafuni. Mnyama wetu akipoteza asilimia moja ya gesi kwa siku, ni mita 60 za ujazo, na kuzirudisha kunadai karibu kilo 100 za sukari. Mwili wa tani tano hivi, kwa kipimo kinachotumiwa kwa wanyama wenye damu ya joto, unahitaji kilokalori 40,000 na kidogo kwa siku ili uishi tu bila kazi. Kilo 100 za sukari ni kilokalori 400,000. Yaani angetumia chakula mara kumi zaidi kuziba pengo la gesi kuliko kuishi! Kwa hiyo mnyama huyu lazima avuje chini ya sehemu moja ya elfu kwa siku, na ukuta wake wa ndani uwe na utando wa ute na nta ambao anaukarabati usiku na mchana. Ukimbuni mnyama wako, anza na utando huo. Mapezi yatakuja baadaye.

Mapafu kama breki

Wavuvi wa mbuta wanalijua tatizo linalofuata bila kufundishwa. Mbuta ana kibofu cha hewa ndani ya mwili, kile ambacho kikikaushwa huitwa mabondo na huuzwa ghali hadi Uchina. Ukimvuta haraka kutoka kina kirefu, maji yanayombana yanapungua, gesi inatanuka, na anafika juu amevimba tumbo.

Nyangumi wa angani hukutana na jambo lilo hilo akipanda. Kutoka Kisumu hadi kimo cha Eldoret, mita 2,100 hivi, gesi yake hutanuka karibu sehemu moja ya kumi. Kama amejaa pomoni Kisumu, atapasuka njiani. Ndiyo maana tulimwachia mita 1,000 hivi za ujazo zisizo na hidrojeni. Hizo ni mapafu na mifuko ya hewa ya kawaida. Akipanda, gesi inatanuka na yeye anatoa pumzi kuipa nafasi. Akishuka, anavuta pumzi ili asikunjamane. Anapumua kwa ajili ya umbo lake kama vile anavyopumua kwa ajili ya damu. Kwa vipimo tulivyompa, gesi ikibaki na joto lile lile, nafasi hiyo inakwisha kwenye kimo cha mita 2,600 hivi. Anaweza kuvuka Eldoret. Akijaribu kupitia Timboroa, iliyo juu ya mita 2,700, lazima aachie gesi, na sasa tunajua kila tangi la gesi linagharimu nini.

Jua nalo linamchezea. Likiipasha gesi nyuzi 10 zaidi ya hewa ya nje, anapata nguvu ya ziada ya kilo 200, anaanza kupaa bila kutaka. Dawa yake ni maji. Asubuhi anashusha ulimi mrefu ziwani anavuta lita mia mbili tatu, kisha anayaachia kidogo kidogo jioni gesi inapopoa. Mtu aliye chini angedhani ni manyunyu.

Mvua halisi ni adui wa kweli. Tabaka la maji la sehemu moja ya tano ya milimita likibaki juu ya mgongo wake lina uzito wa kilo 230, na linatosha kumshusha hadi kwenye miti. Suluhisho liko shambani: jani la nduma. Mwagia maji uone yanavyojiviringisha na kuanguka bila kulilowesha, kwa sababu uso wake una vinundu vidogo sana vyenye nta. Mgongo wa nyangumi wa angani ungekuwa hivyo, wenye vumbi la nta kama nduma, wala usingeng'aa kama wa nyangumi wa baharini tunaouona kwenye picha.

Upepo wa ziwa na usubi

Mwendo wake ni wa kuhurumiwa. Akienda kilomita 10 kwa saa anahitaji nguvu kama ya mtu anayekanyaga baiskeli kwa bidii. Lakini mwendo ukiongezeka maradufu, nguvu inayohitajika hupanda mara nane. Kilomita 40 kwa saa inadai kama injini tatu za boda boda. Basi hashindani na upepo. Anaupanda.

Kwenye Ziwa Victoria upepo una ratiba, na wavuvi wa matanga wameitumia siku zote. Usiku na alfajiri huvuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani. Mchana hugeuka, ukatoka ziwani kuelekea bara. Mnyama wetu angetoka na upepo wa usiku, ale ziwani hadi jua lipande, arudi na ule wa mchana. Chakula kipo: makundi ya usubi wa ziwani yanayosimama juu ya maji kama nguzo za moshi, mengi zaidi mwezi unapoandama. Kuwachuja, anahitaji kitu kama mdomo wa heroe wa Ziwa Bogoria na Nakuru, wenye vijichujio vyembamba vinavyonasa mwani mdogo na kuachia maji. Ukikadiria mdudu mmoja kuwa miligramu moja, kilo 30 za kumweka hai kwa siku ni wadudu milioni 30. Kwa hiyo kinywa kinakuwa kikubwa, na anakula karibu kila saa ya usiku.

Kosa linaloweza kumuua ni kuchelewa kushuka. Upepo wa mchana unampeleka moja kwa moja kwenye vilima vya Nandi na Kericho, ambako mawingu ya alasiri hurundikana na mvua ya mawe hunyesha mara nyingi kuliko karibu popote duniani. Ngozi ya milimita moja na mvua ya mawe haviwezani. Lazima awe na mikia mirefu ya kushikia miti kabla ya saa nane, ajifunge msituni Kakamega, atoe pumzi, atulie.

Na radi? Watu hupenda kusema hidrojeni inalipuka ikiguswa tu. Hidrojeni tupu haiwaki, kwa sababu hakuna oksijeni ya kuiwasha. Inakuwa hatari ikichanganyika na hewa, ikiwa kati ya asilimia 4 na 75 ya mchanganyiko, yaani karibu mchanganyiko wowote. Meli ya angani Hindenburg, yenye mita 200,000 za ujazo, iliteketea Lakehurst, Marekani, tarehe 6 Mei 1937 baada ya gesi kuvuja na kukutana na hewa. Watu 36 walikufa. Nyangumi mzima, asiyevuja, yuko salama kiasi. Mwenye tundu asikaribie wingu.

Mtoto asiyeweza kuelea

Kumbuka boksi zetu. Kwa mabawa, ukubwa ulikuwa laana. Kwa kuelea ni baraka: gesi inaongezeka mara nane wakati ngozi ya kubeba inaongezeka mara nne. Ila hesabu ikigeuzwa inauma. Mtoto wa mita 6, umbo la mama yake, ana gesi ya kuinua kilo 5.8, na ngozi ya milimita moja ingekuwa na kilo 23. Hata bila moyo wala tumbo, haelei. Kwa ngozi hiyo, kiumbe yeyote aliye chini ya mita 24 hivi hapandi. Video za kindama kinachomfuata mama angani ni nzuri kutazama, lakini ni kosa.

Kuna njia mbili. Mtoto awe na ngozi nyembamba kupindukia, gramu 200 kwa mita ya mraba, kama karatasi mbili tatu za mashine ya kuchapisha zilizobandikwa, abaki na kilo moja na kidogo za mwili wote. Au azaliwe majini, akue kama samaki kwa miaka, hadi afikishe urefu wa kuweza kupaa. Ya pili ndiyo yenye mashiko, na ni zawadi kwa mwandishi: mnyama wa angani anayelazimika kuwa na utoto wa ziwani, anayetegemea fuo ambazo watu nao wanazitegemea.

Ukitaka kubadilisha dunia yenyewe, chagua vizuri. Wengi hupunguza mvutano wakidhani mnyama atapaa kwa urahisi. Kwa kuelea haisaidii, kwa sababu hewa nayo inapungua uzito kwa kiasi kile kile. Ongeza uzito wa hewa. Hewa nene maradufu inambebea tani 11.6, na mtoto anaanza kuelea mapema zaidi.

Limebaki la kifo. Mnyama akifa, hidrojeni haifi naye. Bakteria wa tumboni wanaendelea na kazi, misuli haishiki tena mapafu, nyama inakauka na jua. Akipoteza lita 200 za maji, ana kilo 200 za kumpandisha na hakuna wa kumzuia. Mzoga unapanda. Unapita kimo cha Eldoret, unapita cha Timboroa, gesi inatanuka hadi ngozi ipasuke huko juu, na kinachofika chini kwenye mashamba ya chai ni vipande vya utando wenye nta, vyepesi kiasi kwamba vinachukua mchana mzima kutua.